Jinsi ya Kutoa Maoni Ludara Bila Kuharibu Mkutano

Baraza la gombolola ya Ludara, wilayani Koboko, Uganda, likitangazwa kuwa saa nne asubuhi, wewe fika saa saba. Ukifika saa nne utakuta mwembe, viti vya plastiki vya wakubwa, na vijana wanaohangaika na turubai. Watakuomba ushike kamba, na tangu hapo hesabu ya maoni yako imefungwa: umekuwa kibarua. Mheshimiwa mgeni rasmi anatoka Koboko mjini, na haitakiwi afike kabla watu hawajachoka. Kuchoka ni sehemu ya maandalizi, kwani aliyekaa juani tangu asubuhi huwa hana maswali marefu.

Ukipewa karatasi inayoeleza maana ya baraza, usiisome sana. Serikali ilianzisha mpango huu mwaka 2009 ili maofisa wa wilaya na wa gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya, waje mbele ya raia, waseme fedha ngapi zimeingia na zimefanya kazi gani, kisha raia waulize. Ukiisoma vibaya unaweza kudhani wanaopaswa kujieleza ni wao. Tulia. Ukifuata mwongozo huu, hadi jua linapotua aliyejieleza atakuwa wewe.

Maiki ikikufikia, salimu kwa ngazi. Anza na RDC (mwakilishi wa rais wilayani), halafu mwenyekiti wa LC5 (wilaya), mwenyekiti wa LC3 (gombolola), chifu wa gombolola, OC (mkuu wa kituo cha polisi), jiso (ofisa usalama wa gombolola), wazee wa ukoo, shehe, mchungaji, akina mama. Ukimruka mmoja, rudi mwanzo. Umepewa dakika tatu. Zikibaki nusu dakika, mshukuru Mungu kwa mvua, au kwa jua kama mvua imegoma. Sasa toa hoja yako: "Usalama ni mbaya."

Ishie hapo hapo. Ukisema kwamba pikipiki mbili zimeibwa kwenye njia moja, jioni ya siku ya soko, OC atalazimika kutoa kalamu, na siku yake itaharibika. "Usalama ni mbaya" haina mahali wala saa, kwa hiyo inajibiwa papo kwa papo: polisi na wananchi tushirikiane. Makofi. Usiulize kwa nini mlalamikaji huombwa achangie mafuta ya pikipiki ya doria. Wala usitaje yale maandishi ya vituo vya polisi Uganda nzima, yanayosema bondi, yaani dhamana ya polisi, ni bure. Kila ambaye ndugu yake amewahi kulala rumande ameyasoma, tena kwa utulivu, maana alikuwa na muda mrefu wa kusubiri bei.

Sasa tafuta wa kulaumiwa. Chaguo la kwanza ni vijana. Useme hawalimi, wanashinda steji ya bodaboda, usiku wanapiga muziki mpaka kuku wanasahau saa ya kuwika. Ongeza pombe ya waragi ya paketi. Paketi hizo zilipigwa marufuku mwaka 2019, na kweli ziliondoka mbele ya maduka, zikahamia nyuma. Usiulize nani anaziuza. Inawezekana muuzaji amekaa safu ya pili na amelipia turubai.

Lakini vijana ni watoto wetu, na lawama ikizidi mama zao watanuna. Basi ivushe mpaka. Wilaya ya Koboko imebahatika: upande mmoja Kongo, upande mwingine Sudan Kusini, hivyo mwizi wetu daima ana nchi ya kutokea. Mbuzi amepotea? Amevushwa. Kijana mgeni ameonekana usiku? Ametumwa. Bangi, bunduki, kipindupindu, hata mlango uliovunjwa na mtu aliyejua pesa ziko chini ya mto gani, vyote vimetoka ng'ambo.

Kwenye hatua hii kuna hatari moja, nami naisema kwa uzito. Kabla hujafungua mdomo kuhusu wakimbizi waliotoka ng'ambo hiyo, kagua safu ya wazee. Rais Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, kisasi kilishuka huku kwetu West Nile, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya watu wa huku walikuwa wamekimbilia Zaire (Kongo ya leo) na Sudan. Mzee unayemwona akisinzia na fimbo yake huenda alilima shamba la wenyewe kule Yei, Sudan, akazaa huko, akasingiziwa huko kuiba mbuzi. Akiamka akaanza kusimulia, mkutano umekwisha: hakuna atakayekumbuka kulaumu mtu. Kwa hiyo mpeni soda mapema. Soda baridi humfanya mzee ashughulike na meno yake.

Na usimtaje mfanyabiashara wa magendo kama mhalifu, hasa ukiwa na rafiki mjini Arua. Kule vijana walioitwa Opec Boys waliuza petroli ya magendo kwenye madumu kando ya barabara kwa miaka mingi, mchana kweupe, na waliokuwa wakijaza matangi walikuwa ni watu wa aina zote, wakiwemo wenye ofisi. Mpaka ni mbaya tukizungumzia wezi. Tukizungumzia bei ya petroli, mpaka ni baraka.

Kuhusu mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, pima maneno. Katika uchaguzi wa vijiji uliofanyika Julai 2018, wa kwanza tangu 2001, watu walipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Kijiji kizima kilikuona mgongo. Ukilalamika leo kwamba mbuzi wa jirani wamemaliza mihogo yako na mwenyekiti amenyamaza, hakuna atakayewaza mihogo. Watawaza ulisimama mstari upi. Mwenyekiti naye ana yake moyoni: kwa miaka mingi serikali imemlipa shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi, aamue ugomvi wa ndoa, mipaka ya shamba na mbuzi wako. Ndiyo maana muhuri wake hulala njaa hadi uuletee chochote.

Kwenye maji, sema maji ni uhai, kaa chini. Pampu ya kisima inaweza kuwa imesimama kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho fundi wa gombolola angekibadilisha kabla chai haijapoa, lakini swali hilo linaelekea kwenye michango ya kila mwezi ya kila nyumba, na michango inaelekea kwa mweka hazina, na mweka hazina ni shemeji wa mtu. Ombeni shirika lije lichimbe kisima kipya. Likija, lipigiwe ngoma.

Kila mkutano una mtu mmoja asiyejua adabu hizi. Mara nyingi ni mama mwenye daftari la shule la mtoto. Hasalimu kwa ngazi. Anafungua ukurasa na kusoma: pampu ya kwetu imekufa tarehe fulani; tumetoa kiasi hiki; kwenye ubao wa gombolola robo hii ya mwaka pameandikwa fedha za matengenezo ya visima kiasi hiki; je, zimetengeneza kipi? Kisha hakai. Anasimama, kalamu mkononi, akisubiri kuandika jibu.

Msimzomee, mtamfanya ashinde. Msimnyang'anye maiki, hakuichukua. Sauti yake inafika. Msimwambie ataonana na chifu faragha, atakwenda. Kuna dawa moja tu iliyothibitika. Mheshimiwa asimame, amsifu kwa jina, aseme Ludara inahitaji akina mama kama huyu, na papo hapo apendekezwe kuwa katibu wa kamati mpya ya usalama na maji. Watu wote wanyooshe mikono. Kamati itakaa bajeti ikipatikana, na daftari, kwa kuwa sasa ni mali ya kamati, litakabidhiwa kwa mweka hazina.