Mpakeni Kitu Basi!

Wanaosema nchi hii ina upungufu wa madaktari hawajawahi kupanda daladala na mtoto mchanga. Hujakaa sawasawa kwenye siti, bibi wa nyuma keshakugusa bega: "Baba, mfunike mtoto kichwa, upepo huo." Ukimfunika, wa mbele anageuka: "Joto lote hili la Dar unamrundikia blanketi?" Konda, kijana ambaye hata kuoa hajaoa, anatoa hukumu kwamba mtoto analia njaa, apewe uji mwepesi. Mtoto ana miezi miwili. Dereva naye anapunguza muziki, na wala si kwa kuyahurumia masikio ya mtoto. Anataka kusikia mjadala umefikia wapi.

Bibi yule wa upepo tulishuka naye kituo kimoja. Akasimamisha bodaboda, wakapanda mshikaki: dereva, mjukuu katikati, bibi nyuma. Kofia ngumu ilikuwa moja, ya dereva, tena imetundikwa kwenye kioo cha pembeni. Wakaingia barabara kuu katikati ya fuso mbili. Upepo wa huko nadhani ni wa aina nyingine, hauingii watoto.

Nyumbani naambiwa nina gubu. Sawa, ninalo. Lakini nenda kliniki siku ya kupima watoto, kisha urudi uniambie nani ana haki ya kunung'unika.

Kliniki yetu ina nesi mmoja ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Mtoto anavalishwa kile kikaptula cha kitambaa, ananing'inizwa kwenye mzani uliofungwa kwenye boriti, anapiga kelele, mshale unacheza huku na huku, nesi anasubiri utulie ndipo aweke nukta kwenye kadi. Baada ya hapo inaanza elimu ya afya, na elimu yenyewe karibu yote ni makatazo. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji usimpe. Kitovu usikipake majivu, mate wala mavi ya ng'ombe. Jichoni usimtie wanja, mwingine una madini ya risasi. Asali usimpe kabla hajatimiza mwaka, inaweza kubeba bakteria ambao tumbo lake changa haliwezi kushindana nao. Akilala mlaze chali, wala usimjazie mito. Akiungua usimpake dawa ya meno. Akipata degedege usimtie kijiko mdomoni. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe.

Pale kwenye benchi ndipo nilipoelewa kwa nini nesi wa watu hasikilizwi. Ushauri wake unakuacha umekaa na mikono yako miwili. Ukoo hauwezi jambo hilo. Mtoto akilia lazima apakwe, anyweshwe, afukizwe, afungwe kitu kiunoni au akatwe kitu kooni. Mtu akikuta umetulia anahesabu kwamba humpendi mwanao.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga kumwona mjukuu, alikuja na begi moja la nguo na moja la dawa. Mama mkwe namheshimu, hata kumtazama usoni natazama kwa awamu. Siku ya pili akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto maji mnampa saa ngapi?" Nikamweleza kwa adabu kwamba kliniki wamekataza, na kwamba maziwa ya mama yenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji. Akafikiri kidogo. "Na wewe ukila tikiti hunywi maji?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mtoto akapata mafua, akakohoa. Jirani wa chumba cha pembeni akatangaza uani kwamba ni kimeo, na kwamba anamjua mzee mmoja anayekata vizuri. Kile kinyama cha kooni kila mtu anacho, hata huyo mzee mkataji, lakini inaonekana cha kwake hakimsumbui. Mtoto akikatwa kwa wembe anaweza kutoka damu isiyokatika, anaweza kupata pepopunda, na kikohozi kikabaki palepale. Nikasema hakatwi. Kwa wiki nzima kila mtoto alipokohoa nilikuwa naangaliwa mimi.

Lakini kilichonimaliza ni siku ya chai. Mtoto wa wapangaji wenzetu, wa miaka miwili, alivuta kikombe cha chai ya rangi kutoka kwenye stuli, ikammwagikia kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Mama yake alikuwa ameenda gengeni. Nikamvua ushanga wa mkononi kabla mkono haujavimba, nikamkalisha karibu na dumu, nikaanza kumwagia maji kwa kopo. Maji ya kawaida, si ya barafu. Bomba lilikuwa limekauka tangu juzi, kwa hiyo yalikuwa maji ya kununua, na kwa bahati mbaya hayakuwa yangu.

Kliniki wanasema dakika 20. Dakika 20 za kumwagia maji mtoto anayelia, mbele ya wapangaji wote, jaribu uone. Dakika ya pili ikafika dawa ya meno. Ya tatu, yai. Ikaja mafuta ya nazi, ukaja unga wa ngano, ikaja asali ndani ya kikombe. Vitu vya kumpika maandazi vilitimia uani, amira tu ndiyo iliyokosekana. "Mpakeni kitu basi!" anapiga kelele mama mmoja. "Mtoto anaungua nyie mnamwogesha!" Mimi namwaga. Mwenye dumu naye kasimama nyuma yangu, hasemi kuhusu mtoto, anahesabu makopo.

Ni hivi: ngozi iliyoungua inaendelea kuungua kwa ndani hata chai ikishakwisha, na maji yanayopita ndiyo yanayoondoa ule moto. Yai na dawa ya meno vinaufungia ndani, na yai bichi linaongeza vijidudu. Hospitali kazi ya kwanza ya nesi inakuwa kubandua hiyo dawa ya meno kwenye kidonda, na mtoto ndiye anayelipa. Malengelenge hayatumbuliwi, yanafunikwa kitambaa safi. Na kwa kuwa jeraha lilikuwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, tukampeleka hospitali. Akapona vizuri. Habari inayosimuliwa mtaani mpaka leo ni kwamba walimmwagia maji tu, Mungu akasaidia.

Degedege nayo ni hivyohivyo. Mlaze mtoto ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, tazama saa, usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali akapimwe malaria. Kwa nini hospitali? Kwa sababu homa inayoleta degedege ina chanzo chake, na malaria kali haingoji. Lakini watu wanataka kinyesi cha tembo cha kumfukizia. Nauliza tu: kinyesi cha tembo, Dar es Salaam, saa nane usiku, kinapatikana vipi haraka kuliko bajaji?

Wakati huohuo, hatari zenyewe zimekaa chini ya meza na hakuna anayezisemea. Tazama sabuni ya maji. Inauzwa mtaani kwenye chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, ya kijani, ya pinki, ya rangi ya machungwa, na mtoto wa mwaka na nusu anajua kitu kimoja tu kuhusu chupa ile: humo mna juisi. Pembeni yake kuna dawa ya choo kwenye chupa ya soda. Nyuma ya mlango kuna mafuta ya taa, nayo kwenye chupa ya soda. Akinywa, utaambiwa mtapishe, mpe maziwa. Mafuta ya taa yakipanda tena huingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Dawa ya choo inayounguza ikirudi inaunguza koo mara ya pili. Unambeba mtoto na chupa aliyoinywea, unaondoka kwenda hospitali. Ndoo ya maji isiyo na mfuniko nayo ni bwawa kwa mtoto anayejifunza kusimama, kwani akitanguliza kichwa hawezi kujitoa. Sijawahi kusikia mtu daladalani akisema neno kuhusu ndoo.

Na wageni, mnisamehe, ni janga. Mgeni akiingia anampa mtoto sarafu ashike, eti ya soda. Mwingine anatoa karanga, mwingine ubuyu. Mtoto ana meno manne, yote ya mbele, anapewa kokwa gumu la ubuyu anyonye. Likimkaba, mgeni ndiye wa kwanza kutaka kuingiza kidole kulitafuta, na kidole kinalisukuma chini. Wa chini ya mwaka unamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, unampiga kati ya mabega mara tano, unamgeuza na kumbonyeza kifuani mara tano. Mjomba mmoja alileta kiatu kinachoimba na kuwaka taa. Nikakifungua nikatoa betri, zile bapa za duara. Ikinasa kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu. Mjomba alikasirika kwamba kiatu chake hakiimbi.

Bwana mdogo alipoanza kutambaa na kuramba kila alichokikuta, akaharisha. Hapa kwa mara ya kwanza nesi alitupa kitu cha kufanya: pakiti za ORS na vidonge vya zinki, 20 mg kwa siku kwa siku 10 hadi 14, aliye chini ya miezi sita nusu yake. Aendelee kunyonya na kula. Macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, au choo kikiwa na damu, tumrudishe mbio.

Mama mkwe aliinua pakiti akaisoma mbele na nyuma. "Hospitali nzima, maji ya chumvi?" Alitaka sindano. Kwenye duka la dawa walikuwa tayari kutuuzia dawa ya maji ya kuua bakteria bila hata kuuliza mtoto anaharisha nini.

Nikamsimulia kisa cha mwaka 1971, vita vya uhuru wa Bangladesh, wakimbizi wamefurika upande wa India na kipindupindu kimewaingia. Dripu zikakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya glukosi na chumvi kwenye maji, ndugu wa wagonjwa wakayanywesha kwa vikombe, na vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet likaandika kwamba ugunduzi huu huenda ndio mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile.

"Hao walikuwa vitani, mwanangu," akasema. "Sisi tuna duka la dawa."

Kikwazo kilichobaki kilikuwa lita moja. Pakiti yetu iliandikwa lita moja, na chupa za maji dukani kubwa ni lita moja na nusu, ndogo nusu lita. Maji yakizidi dawa inapwaya, yakipungua chumvi inakuwa kali, inamdhuru mtoto. Nikanunua mbili ndogo, nikazimimina zote kwenye sufuria safi, nikakoroga. Mama mkwe kasimama mlangoni, mikono kiunoni, hasemi kitu. Tukampa kijiko kwa kijiko. Akitapika tunangoja dakika 10, tunaanza tena polepole.

Mtoto akapona. Jioni moja nikapita ukumbini, mama mkwe yuko kwenye simu na dada yake aliyeko Tanga, sauti juu. "Chupa mbili ndogo, unanisikia? Mbili! Usikadirie! Na zinki umalize siku zote hata akiacha kuharisha. Hawa watoto wa siku hizi hawajui kitu. Mkwe wangu hapa alitaka kukadiria kwa jagi, nikamkataza."

Jagi lenyewe hatuna.