Castello, Nyumba Namba Elfu Nne na Kitu

Bibi aliyenibebea sanduku hakuwa chini ya miaka themanini. Nalisema mwenyewe mapema, maana waliokuwepo walipiga picha. Nilikuwa nimekwama katikati ya daraja, Venice, gurudumu moja limeng'oka na kutumbukia mferejini, na nyuma yangu watalii wamejipanga wakisubiri niamue kupanda au kufa. Bibi akaja, akanitazama, akashika mkanda wa sanduku. Kwa aibu nikajikuta nimemwamkia: "Shikamoo." Akajibu: "Prego." Sanduku likapanda.

Mkono wake wa pili ulikuwa unavuta kigari cha sokoni, na hicho ndicho kilichonimaliza. Hakikuwa na gurudumu moja kila upande. Kilikuwa na matatu, yamepangwa pembetatu. La mbele likigonga kidato, pembetatu nzima inageuka, gurudumu jingine linatua kwenye kidato cha juu. Tak, tak, tak, mpaka kileleni, na nyanya zilizokuwa ndani hazikubonyea hata moja. Baadaye niliwaona wachukuzi na mikokoteni yao: magurudumu makubwa nyuma, na mbele vijigurudumu viwili vilivyochomoza, kazi yake kuegemea ngazi tu. Mji una madaraja zaidi ya 400, karibu yote ya ngazi, na wenyewe walishalimaliza jambo hili zamani. Sanduku langu, la kuazima kwa shemeji, pamoja na magurudumu yake manne ya kujigeuza kila upande, lilitengenezewa sakafu ya uwanja wa ndege.

Mtauliza kwa nini sikupanda boti. Boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75, na tangazo la nyumba lilisema kutoka stesheni ni "matembezi ya kupendeza".

Anwani niliyotumiwa ilikuwa hivi: Castello, namba elfu nne na kitu. Basi. Hapa niwaeleze, kwa sababu jambo lenyewe ni la ajabu kiasi kwamba hasira yangu ilisimama kando na kulitazama. Venice ya kale imegawanywa mitaa sita mikubwa, na namba za nyumba hazifuati barabara. Zinafuata mtaa mzima. Namba moja inaanzia pembe fulani, kisha hesabu inatambaa mlango kwa mlango, inaingia kichochoro, inazunguka ua, inatoka, inaendelea, hadi mtaa uishe. Mtaa wa Castello unapita 6,800. Kwa hiyo unaweza kusimama mbele ya nyumba namba fulani, na inayofuata ikawa nyuma ya ukuta, kwenye njia nyingine kabisa. Ukiomba jina la njia, halisaidii sana: kila kona ilikuwa na tanuri lake la mikate, basi Calle del Forno zimezagaa mji mzima. Ramani ya simu nayo, ikiingia vichochoroni, inakuweka ndani ya maji.

Mji Mkongwe, Unguja, ukipotea unamuuliza mtoto yeyote naye anakupeleka hadi mlangoni. Hapa kila niliyemuuliza alikuwa na sanduku lake. Mwaka 1951 Venice ya kale ilikuwa na wakazi kama 175,000. Leo hawafiki 50,000, na duka la dawa karibu na daraja la Rialto limeweka hesabu yao dirishani, inayopungua. Wa kuniambia nyumba iko wapi alishahama ili nyumba ipangishwe kwangu.

Rafiki yangu alinishauri nilale Mestre, bara, kwa bei ya chini, dakika kama kumi kwa treni. Laiti ningekuwa nachagua! Mwenye pasi kama yangu hachagui pa kulala, anachagua karatasi. Ombi la viza ya Schengen linataka uthibitisho wa malazi, kwa hiyo unatafuta kitanda kwanza, ndipo wanaamua kama utaruhusiwa kukilalia. Ada ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Wenzetu husoma matangazo wakitafuta mandhari ya mfereji; mimi natafuta "kughairi bure", na yenye maneno hayo ndiyo yanayobaki baada ya wao kuchagua. Kuna chumba Lisbon nilikilipia, viza ikakataliwa, chumba kikalala chenyewe. Hilo silicheki.

Mlango niliupata. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku chenye namba za siri, na namba za siri zilikuwa kwenye ujumbe uliofika usiku wa manane.

Bafuni maji ya moto yalikuwa ya kusimuliwa. Maji ya bahari yalipojaa uwanja wa San Marco nilivaa mifuko ya nailoni miguuni, ikapasuka. Kiamsha kinywa kilikuwa biskuti.

Nilipoondoka mwenye nyumba, ambaye sikuwahi kumwona, aliniandikia tathmini: mgeni msafi, mtulivu, ila hafuati maelekezo.