Namna ya Kumpoteza Mwanao kwa Kufuata Sheria

Ndugu yangu uliyeko Marekani, kama una mpango wa kufungwa, soma kwanza hapa. Wengi hudhani hakimu akishatamka miaka miwili, adhabu ndiyo hiyo. Ipo mahakama nyingine, ya watoto, ambayo haina haja na ulichoiba. Yenyewe inauliza mwanao amekaa miezi mingapi kwenye malezi ya kambo, nyumbani kwa watu wanaolipwa na serikali kumtunza.

Jifunze hesabu yao. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya nchi nzima yenye nia njema, maana watoto walikuwa wakikulia kwenye malezi hayo huku wakihamishwa nyumba hadi nyumba. Sheria ikasema mtoto akitimiza miezi 15 kwenye malezi hayo kati ya 22 iliyopita, jimbo lifungue shauri la kumvua mzazi haki zake. Anayelelewa na ndugu anaweza kuachwa. Hali kadhalika pakiwa na sababu nzito, au kama jimbo lenyewe halikutoa huduma lilizoahidi. Saa huanza kuhesabu siku mahakama inapokubali kwamba mtoto alitelekezwa au kudhulumiwa, au siku 60 tangu achukuliwe, lolote litakalotangulia. Kukaa mahabusu kwa kukosa pesa ya dhamana hakuisimamishi. Kwa hiyo mwenye kifungo cha miaka miwili hahitaji kuongeza kosa.

Kisha atakuja afisa ustawi wa jamii na karatasi yenye masharti yako. Umalize kozi ya malezi. Uwe na makazi ya kudumu. Uwe na kipato. Umwone mtoto mara kwa mara. Utie saini kwa furaha, halafu ukaulize hiyo kozi. Utaambiwa kuna foleni, au gereza lako haliitoi. Makazi ya kudumu unayo, tena yana ulinzi saa 24, ila hayahesabiwi. Kumwona mtoto kunategemea mtu mwingine akubali kumpakia kwenye gari na kumleta hadi getini, na pengine gereza liko upande wa pili wa jimbo. Omba basi uwe umefungwa Connecticut, jimbo la kwanza kufanya simu za magereza kuwa bure, mwaka 2022. Katika majimbo mengi utapigana na bei ya dakika.

Barua nazo ziandike, na nakala uziweke. Usipoandika, faili litasema umemtupa mtoto. Ukiandika na barua zikalala kwenye droo ya ofisi, faili litasema vilevile.

Siku ya shauri, usishangae ukijikuta peke yako. Abby Gail Lassiter wa North Carolina alitolewa gerezani akaletwa mahakamani bila wakili. Ilibidi amhoji mwenyewe afisa ustawi aliyetoa ushahidi dhidi yake. Baadhi ya maswali yake yalikataliwa kwa kuwa hayakuwa maswali, bali hoja. Mama anayekaribia kunyang'anywa mwanawe, kumbe alitakiwa aulize kwa kanuni! Akashindwa. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema Katiba haimlazimishi hakimu kumpa wakili kila mzazi wa aina hiyo. Majimbo mengi sasa huwapa mawakili kwa sheria zao wenyewe, kwa hiyo omba, na omba mapema.

Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ilikaza kamba kidogo: jimbo lazima lilete ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi. Pima mwenyewe. Kukufunga kwa wizi wa simu kunahitaji ushahidi usioacha shaka yoyote ya maana. Kukuondoa kwenye maisha ya mtoto, moja kwa moja, kunahitaji pungufu ya hapo. Wapo majaji wa huko wanaouita uamuzi huo hukumu ya kifo isiyo ya jinai. Ile sheria ya 1997 iliahidi majimbo dola 4,000 kwa kila mtoto wa malezi ya kambo atakayeasiliwa juu ya idadi iliyowekwa. Kwa kila anayerudi kwa mama yake haikuahidi zawadi hata ya senti.

Wapo watoto waliookolewa na mahakama hizi, na hapo sifanyi utani. Lakini sisi tunaoongea Kiswahili huko ughaibuni tuna mbinu yetu ya kujimaliza: aibu. Shangazi yupo Ohio, ana chumba na ana moyo, ila hapigiwi simu, ukoo usijue kwamba fulani kafungwa. Habari zinapomfikia, mtoto amezoea nyumba nyingine na hakimu anaulizwa kama ni vyema kumng'oa tena.

Ukiweza kuchagua, fungwa New York. Tangu 2010 sheria ya huko inaruhusu wakala wa watoto kutofungua shauri iwapo mzazi yuko gerezani na bado anashiriki kwa dhati maishani mwa mwanawe. Washington walifuata mwaka 2013. Ukikamatwa kwingine, mwambie wakili siku hiyohiyo kwamba una mtoto, na mpe jina la shangazi, anwani na namba yake ya simu.