Jua Lililochomoza Saa Nane Usiku

Mtu aliyekulia Tanga hafundishwi asubuhi. Kwa mwaka mzima tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi pale kwetu haifiki dakika 40, na mwanga ukishaingia dirishani unajua umeamkia saa ngapi hata kama ukutani hakuna saa. Huku Umeå, kaskazini mwa Sweden, asubuhi ni kitu cha kutafutwa. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa 3:30, na kabla ya saa 8 mchana limekwisha kuzama. Mtoto anakwenda shule gizani na kurudi gizani. Kila mwaka zinakuja familia mpya kutoka pwani yetu, na baridi ikianza swali lao huwa hilohilo: tutaamkaje? Sisi tulinunua saa ya kuamsha kwa mwanga. Nataka kueleza tulivyoishi nayo, kwa sababu imetufaa sana, na kwa sababu usiku mmoja iliiamsha nyumba nzima isivyopaswa.

Kwa kuitazama ni taa ya duara inayosimama juu ya kimeza kando ya kitanda. Nusu saa kabla ya muda uliouweka huanza kuwaka wekundu hafifu, kama kaa lililofunikwa majivu. Wekundu unageuka rangi ya chungwa, kisha manjano, na mwisho mwanga mweupe unajaa chumba, ndege wa kurekodiwa wanaanza kulia. Taa za namna hii kwa kawaida hutoa lux 200 hadi 300 pale penye mto. Wengi huzichanganya na taa za tiba ya mwanga, zile za lux 10,000 ambazo mtu hukaa mbele yake kama nusu saa. Hivyo ni vyombo viwili, na kazi zake ni mbili.

Kinachofanyika mwilini ni hiki. Mbali na chembe za kuonea, jicho lina chembe nyingine chache ambazo kazi yake kubwa si kutuonesha vitu, bali kuupa ubongo habari kwamba kumekucha. Wanasayansi walithibitisha mwaka 2002 kwamba chembe hizo huuhisi mwanga zenyewe, kwa kemikali iitwayo melanopsini. Habari ikifika, ubongo huanza kupunguza melatonini, homoni ya usiku. Kope zikifumbwa bado zinapitisha mwanga kiasi, hasa wekundu, kwa hiyo mtu anaanza kuamka kabla hajafumbua macho. Hashtuki. Anayetoka usingizini kwa kengele ya simu katika giza la Januari ataelewa thamani ya jambo hilo.

Wenyeji wenyewe hawalidharau giza. Desemba ikikaribia kila dirisha linawekwa taa: nyota za karatasi, na vinara vya umeme vyenye mishumaa saba. Mwaka 2012 shirika la umeme la mji lilifunga taa za tiba ya mwanga katika vituo vya mabasi, watu wapate mwanga wakisubiri basi. Daktari Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani walikuwa wameandika tangu 1984 kuhusu huzuni inayowashika watu majira ya baridi na kuwaachia siku zikirefuka. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiona moyo umekuwa mzito ifikapo Novemba, asidhani amerogwa wala amepungukiwa imani. Amwone daktari.

Basi taa ikaingia ndani, na mgogoro ukaingia pamoja nayo. Mume wangu anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Anarudi saa 1 na dakika zake asubuhi, na wakati huo taa yetu imeng'aa na ndege wamechachamaa. "Mke wangu," alisema asubuhi moja akiwa amesimama mlangoni, bado na koti, "usiku wangu mimi ndiyo kwanza unaanza." Akachukua kanga, akaifunika taa. Chumba kikapata rangi ya kanga, na mimi nikapitiliza usingizini. Nilielewa kuwa nyumba moja inaweza kuwa na mapambazuko zaidi ya moja, na kwamba mwanga ukishawashwa chumbani hauchagui macho. Taa ikahamia kwa watoto.

Huko ndiko ilikopata kazi yake. Binti yangu ana miaka 13, umri ambao saa ya mwili husogea mbele: usingizi unachelewa kuja, na asubuhi unachelewa kuondoka. Nilikuwa namwita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mmoja wetu akianza siku na hasira. Taa ilipokaa kando ya mto wake alianza kuinuka mwenyewe. Namkuta ameketi kitandani, nywele zimesimama, anatafuta soksi. Kwa mzazi hiyo ni nafuu kubwa.

Ila katika chumba hicho analala pia mdogo wake wa miaka miwili, na yeye hasubiri manjano. Ule wekundu wa kwanza tu unamtosha. Anasimama ameshika fito za kitanda chake, shati la kulalia limempanda tumboni, anaonesha kidole: "Jua! Jua!" Dada yake anajifunika blanketi, anamwomba anyamaze. Tuliweka kabati katikati likamkinga na mwanga, akawa anaamka ndege wanapolia.

Desemba moja mama mkwe alikuja kututembelea. Akalala chumba cha watoto, maana mjukuu wake mkubwa hakutaka alale kwingine. Wao wawili ni wake wenza, kama bibi na mjukuu walivyo kwetu. Jioni moja, yapata saa 2 usiku, mama alitaka kupiga pasi kanga zake. Akaichomoa taa kwenye soketi, akachomeka pasi, alipomaliza akairudisha taa mahali pake. Mikono ya mtu mwangalifu. Asichokijua yeye, na sote hatukukijua, ni kwamba saa ile ikikatiwa umeme huanza kuhesabu upya kutoka sufuri, ilhali muda wa kuamsha hubaki katika kumbukumbu yake. Kwa hiyo kwa hesabu ya taa, saa 2 usiku ilikuwa saa 6 usiku, na taa ikatangulia kwa saa nne.

Jua likachomoza saa 8 usiku.

Mimi niliamshwa na harufu ya uji. Nikasikia maji bafuni, vyombo jikoni, na sauti ya mtoto ikilitangaza jua kwa nguvu zake zote. Nilipotoka nilimkuta mama mkwe amejifunga kanga, anakoroga uji wa lishe kwa unga aliokuja nao, uso umeingia wasiwasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hamkuniamsha? Nimefumbua macho kumeshakucha, ndege wanalia, alfajiri imenipita. Nimeswali haraka haraka."

Binti yangu alikuwa mlangoni: suruali ya theluji, buti, begi mgongoni. "Mama, basi langu linaniacha!"

Nilitazama dirishani. Hapo ndipo nilipoliona giza la huku lilivyo. Nje kulikuwa na theluji, taa ya barabarani, na nyota za karatasi katika madirisha ya majirani, sawasawa na nje inavyokuwa saa 1 au saa 2 asubuhi. Kwetu ungetazama anga ukajua mara moja. Pale dirisha halikuwa na la kusema. Ndani taa ilisema kumekucha, na watu watatu waliiamini, kwa haki kabisa, kwa sababu asubuhi zote zilizotangulia ilisema kweli.

Aliyegundua ni mama mkwe. Alisimamisha mwiko. "Sasa mbona simu yangu haijaadhini?"

Simu yake huadhini kwa nyakati za mji aliopo. Kijana mmoja wa msikitini alimwekea programu hiyo alipofika. Mjukuu akaichukua, akasoma: saa tisa kasoro dakika kumi usiku. Hakuna aliyesema kitu. Kisha mama akafunika sufuria, akaketi. "Basi," alisema, "hiyo niliyoswali itakuwa tahajudi. Mungu ameniamsha kwa hiyo taa." Uji ulikwisha kuiva, tukaunywa. Binti alivua buti moja tu, akanywa akiwa na nyingine mguuni, akarudi kulala kifuani kwa bibi yake. Saa 12 na dakika chache simu iliadhini, mama akaswali alfajiri kwa wakati wake, zaidi ya saa tatu kabla ya jua.

Maneno yake ya kesho yake sijayasahau. Aliniuliza watu wa huku wanaijuaje alfajiri bila kuiona. Yeye amehesabu saa kutoka kwenye kucha maisha yake yote. Saa moja kwake ni jua limetoka. Nilimweleza kwamba huku tunaishi kwa kalenda, kwa simu na kwa taa, akasikitika waziwazi, na mimi nikasikitika naye. Hilo ni pengo, na hakuna chombo kinacholiziba lote.

Ndiyo maana kila saa sita mchana tulikuwa tunatoka, hata baridi ikifika nyuzi 15 chini ya sufuri. Katikati ya Desemba jua la adhuhuri la Umeå hupanda digrii 3 hivi tu juu ya upeo wa macho, lakini mwanga wa nje ukirudishwa na theluji unaipita mbali taa ya kuamsha. Wala taa hizi hazitoi vitamini D. Watoto chini ya miaka miwili hupewa matone yake huku, na sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulifuatilia jambo hilo kwa karibu zaidi, wakubwa kwa wadogo. Juni ikifika taa inaingia kabatini, kwa kuwa jua linazama karibu saa 5 usiku na kuchomoza kwenye saa 8, na kazi inayobaki ni kutafuta mapazia mazito.

Ninapoulizwa kama inafaa kununuliwa, jibu langu ni ndiyo, hasa kwa mtoto wa shule. Chagua yenye betri ya ndani ya kuhifadhi saa umeme ukikatika. Iweke kwa yule mwenye kuamka, mbali na anayetoka zamu ya usiku. Na ukimpokea mzazi wako wakati wa baridi, mkalishe siku ileile ya kwanza, umwoneshe taa inavyowaka na soketi yake ilipo, kisha umtafutie soketi nyingine ya pasi.