Saa Isiyo na Upande wa Pili

Nilifundishwa kusoma saa na marehemu baba yangu, barazani, kwa kanuni moja tu: tazama akrabu fupi imeelekea wapi, kisha usome tarakimu iliyo upande wa pili. Akrabu ikiwa kwenye tisa, ni saa tatu. Ikiwa kwenye moja, ni saa saba. Saa zenyewe zilitengenezwa na watu ambao huanza kuihesabu siku katikati ya usiku, wakati ambao kila muungwana amelala, nasi twaanza kuihesabu jua linapochomoza, wakati ambao kila mwenye macho aweza kushuhudia; basi pakawa na sulhu baina yetu na mafundi wao, ya kuwa wao wakae upande wao wa saa, nasi tukae upande wetu. Kwa miaka zaidi ya hamsini niliishi katika sulhu hiyo bila ya kugombana na mtu, mpaka mpwa wangu akaaye Hamburg aliponitunukia hidaya ya saa isiyo na upande wa pili.

Nilikuwa nimekwenda kuwazuru, yeye na mkewe, mwishoni mwa Oktoba, katika baridi ambayo wenyeji waliniambia bado si baridi. Saa ilitolewa katika kijaluba chake kwa taadhima. Haikuwa na akrabu hata moja. Uso wake ulikuwa kioo cha kijivu chenye tarakimu nyeusi, na ubavuni ilikuwa na vitufe vinne, viwili huku na viwili huku, vidogo kiasi cha kuwa kidole changu kikikusudia kimoja huvipata viwili. Pamoja nayo kilikuwamo kitabu cha maelezo kinene kuliko saa yenyewe, kimeandikwa kwa lugha nyingi za dunia ila ile niijuayo, kwa herufi ambazo naamini ziliandikwa na siafu aliyetumbukia wino.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "hii huna haja ya kuitia majira maisha yako yote. Yajitia yenyewe."

Nikamwuliza yajitiaje, naye akanieleza kwa saburi. Huko Mainflingen, karibu na mji wa Frankfurt, kuna milingoti ya redio iitwayo DCF77, ambayo haina nyimbo wala habari, na ambayo tangu mwaka 1973 hutangaza saa na tarehe usiku na mchana. Hizo saa inazipata kwa saa za atomi zilizo chini ya taasisi ya serikali iliyoko Braunschweig, na sekunde yao moja ni mitikisiko 9,192,631,770 ya atomi ya sizi, si zaidi wala si pungufu. Nikamwuliza ni nani aliyeihesabu. Akacheka, ilhali mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Milingoti ile huzungumza kwa kilohezi 77.5, na kila wimbi lake lina urefu unaokaribia kilomita 4. Mimi ni mtu wa pwani na mawimbi nayajua. Nikaitazama saa, nikajiuliza wimbi la kadiri hiyo, ambalo lingezamisha kila chombo nilichopata kukipanda, laingiaje katika kitu kinachoenea kiganjani. Nikaambiwa ndani yake kuna kijiti kidogo kilichozungushiwa uzi wa shaba, na hicho ndicho sikio. Kila sekunde milingoti hushusha sauti yake: ikiishusha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, maana yake ni sifuri, ikiishusha kwa sehemu mbili, maana yake ni moja, na katika sekunde ya mwisho ya dakika haiishushi kabisa, iwe ishara ya kuwa dakika mpya yaja. Kwa hiyo huchukua dakika nzima kukuambia ni saa ngapi, na ukikosa kipande cha katikati huna budi kungoja ianze upya. Niliposikia hayo nikaona raha moyoni, kwani nina shemeji wa namna hiyo hiyo.

Sharti ilikuwa kuiweka saa dirishani usiku, wakati ambao mawimbi husafiri vizuri, mbali na televisheni na vyombo vya chuma, kisha isiguswe. Usiku wa kwanza, kwa ada ya wazee ambao hawaachi kitu cha thamani wazi, niliitia ndani ya bati tupu la biskuti, nikafunika vizuri, nikaliweka bati dirishani kama nilivyoagizwa. Asubuhi saa haikuwa imesikia lolote, na mpwa wangu alinieleza, kwa adabu ambayo ilimgharimu, ya kuwa bati nalo ni chuma. Usiku wa pili nikaona ya kuwa kilichobaki kuzuia mawimbi ni kioo, basi nikalifungua dirisha wazi, nikalala chini ya mablanketi matatu. Nyumba nzima iliamka ikitetemeka. Mke wa mpwa wangu alinijia na kikombe cha chai, akaniamkia, "Shikamoo, mjomba," kisha akaniuliza kwa upole kama bawaba za dirisha langu zimeharibika. Lakini saa ilikuwa imesikia! Alama ndogo ilisimama kwenye kioo chake, nami nikaivaa nikatembea mjini kama mtu ambaye ameoa.

Kisha ikaja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo sikuwa nimeambiwa habari yake kwa kuwa kila mtu alidhani naijua. Usiku wa siku hiyo, saa tisa ya usiku inapofika, Wajerumani huirudisha ikawa saa nane, nayo milingoti hutangaza mabadiliko hayo kwa kila saa inayoisikiliza. Asubuhi nikailinganisha saa mpya na saa yangu kongwe ya kutia ufunguo, nikakuta mpya imebaki nyuma saa nzima. Baina ya kijana wa siku tano na mzee aliyenitumikia miaka thelathini, sikuona shaka ya kumwamini nani. Tena sikutaka kumtahayarisha mpwa wangu kwa kumwambia ya kuwa hidaya yake ina kasoro; nikaingia chumbani, nikavipigania vile vitufe faraghani mpaka nikaisahihisha.

Jumatatu asubuhi ilikuwa imerudi nyuma tena. Nikaisahihisha. Jumanne ikarudi. Kila mchana mimi niliirekebisha kwa kidole, na kila usiku Mainflingen iliirekebisha kwa kilohezi, na hakuna kati yetu aliyekubali kushindwa. Muda huo wote nilikuwa nafika mezani kwa chai ya asubuhi nikaikuta meza tupu, nikasema moyoni ya kuwa watu wa nyumba hii wamekuwa wavivu ghafla. Ijumaa nilitangulia msikitini peke yangu, nikaukuta mlango umefungwa, nikakaa kizingitini saa nzima, pua yangu ikiwa haina hisia, mpaka alipokuja bwana mmoja wa Kituruki mwenye funguo, akanitazama mimi, akaitazama saa yangu, akanyosha kidole kimoja, akakizungusha kurudi nyuma. Hatukuwa na lugha ya kuzungumza, lakini sikupata kueleweshwa jambo kwa ufasaha kuliko siku ile.

Nikarudi Unguja. Saa ilikuwa bado imefungwa kwenye herufi za Berlin, mji ambao iliufuata majira yake, na kila usiku wa manane, juu ya kizingiti cha dirisha langu la Mji Mkongwe, iliendelea kutega sikio. Sauti ya milingoti ile husikika kadiri ya kilomita 2000, na kutoka hapa mpaka huko ni zaidi ya 6000. Kila asubuhi iliniandikia herufi tatu, ERR, ambazo mjukuu wangu alinifasiria kuwa ni kukiri kosa. Nilianza kuionea huruma, kama mtu amwoneavyo huruma mgeni anayengoja barua. Na insafu yanitaka niseme ya kuwa hata bila ya kusikia chochote haikukosea zaidi ya sekunde kumi na tano hivi kwa mwezi, katika kisiwa ambacho mtu akikualika saa mbili ukienda saa tatu utamkuta anaoga.

Jioni moja, nikidhani ya kuwa kosa ni la kuta zetu nene za mawe na chokaa, nilipanda juu ya nyumba baada ya jua kuchwa, nikaunyosha mkono wenye saa kuelekea Ujerumani, ambayo iko kushoto kidogo ya kibla, nikawa naugeuza polepole nikivizia ile alama. Sikukumbuka ya kuwa ni siku ya ishirini na tisa ya mwezi wa Shaabani. Jirani akaniita kutoka dirishani kwake, "Bwana, tayari?" Nikamjibu, "Bado, lakini natumai." Watoto wakakusanyika chini. Kisha nikadhani nimeiona alama, nikasema kwa sauti ya furaha, "Alhamdulillahi, hiyo!" na kabla sijaushusha mkono nikasikia vigelegele katika vichochoro vitatu. Haikupita nusu saa nikaitwa msikitini kutoa ushahidi mbele ya wazee, wakiniuliza mwezi niliuona upande gani na pembe zake zilielekea wapi, nami ikanibidi niungame ya kuwa nilikuwa natafuta Frankfurt.

Baada ya fedheha hiyo mjukuu wangu aliihamisha saa kutoka Berlin akaiweka Jeddah, mji ambao majira yake ni sawa na yetu. Nilifurahi kwa sababu za dini, lakini haukupita muda nikatambua msiba wangu. Asubuhi muuza kahawa aliniuliza ni saa ngapi. Nikaitazama, ikaniambia kumi. Nikautafuta upande wa pili wa ile kumi, kama mkono wa marehemu baba ulivyonizoesha, nikakuta mkanda. "Saa kumi," nikamwambia. Akalitazama jua, kisha akanitazama mimi kwa huruma, akanijazia kikombe bila ya kunidai.

Aliyeniokoa ni mjukuu yule yule, naye hakukusudia. Nilipokuwa nasali adhuhuri aliichukua saa akaibonyeza ovyo, na nilipoivaa tena sikushughulika nayo mpaka alasiri, aliponiuliza mke wangu saa ngapi. Nikasoma kilichoandikwa: tisa na nusu. Na kweli ilikuwa saa tisa u nusu! Nikaitazama tena kwa fadhaa. Pembeni palikuwa na herufi tatu: RIO. Mji wa Rio de Janeiro, kumbe, uko nyuma yetu kwa saa sita kamili, kwa hiyo wao wanapoianza siku yao gizani, sisi jua linatuchomozea, na tarakimu zao zinaangukia juu ya saa zetu bila ya kukosea hata dakika. Hata zile herufi za AM hukaa tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa, na PM hushika usiku wote. Kasoro ni tarehe tu, ambayo hubadilika saa kumi na mbili ya asubuhi, nimeisamehe. Na kwa kuwa huko Rio hakuna mlingoti ambao saa hii yaweza kuusikiliza, saa imeacha kutega sikio usiku, na ile ERR sijaiona tena.

Mpwa wangu alinipigia simu juzi. "Shikamoo, mjomba. Ile saa yaenda sawasawa?"

Nikamwambia yaenda sawasawa, ila imehamia Brazil. Akadhani simu ina kelele, akaniuliza basi kwenu sasa ni saa ngapi. Nikamsomea, neno kwa neno: saa tano na dakika kumi na saba. Upande wa pili pakawa kimya, na katika kimya kile nikamsikia, taratibu, akihesabu kwa vidole.