Herufi Tatu za Kula Bure

Mtoto wa kaka yangu anakaa kwangu hapa Kashai, anasoma sekondari mjini Bukoba. Katika masomo yote aliyoweza kuchagua, kachagua Kifaransa. Usiku, badala ya kuniacha nitafune kahawa yangu kwa amani, ananisukumia daftari: "Baba mdogo, nikagulie vitenzi."

Nikague nini? Je parle, tu parles, il parle, ils parlent. Kwenye karatasi yanabadilika mkia; mdomoni yote ni "parl", silabi moja, basi. Hiyo -ent ya mwisho imekaa kama mgeni wa msibani aliyekuja kula tu: hachimbi kaburi, hateki maji, hata pole hasemi. Lakini isahau uone maksi zinavyokatwa! Tena ukiligawa neno kimaandishi unapata par-lent, silabi mbili, ya pili haina sauti. Sasa hapo tumegawa nini?

Kwetu mambo ni waziwazi. Wanafunga: wa-na-fu-nga, silabi nne, kila moja inaishia kwenye irabu. Haya, najua mwalimu wa sarufi atakuja na kisu chake akate wa-na-fung-a, maana mzizi ni -fung- na mofimu haina habari na mipaka ya silabi. Akate tu. Vipande vyote vinasikika.

Na Kihaya ndiyo usiseme. Kufunga kamba ni okukoma. Kama tumefunga leo, twakoma. Kama ni jana, tukomile. Kabla ya jana, tukakoma. Nyakati tatu zilizopita, na bibi wa Kamachumu asiyejua kusoma hakosei hata moja. Nilipokuwa namfafanulia mtoto kwa sauti, mke wangu, mtu wa Tanga, alitoka jikoni mbio kuuliza kafanya nini hata aambiwe akome.

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Mfaransa, Kardinali Lavigerie, walifika Kashozi mwaka 1892 wakajifunza Kihaya. Ukiacha toni, nadhani walijiona wako likizo.

Juzi kaja na nous mangeons. Hapo nikakuta e katikati, haitamkwi, lakini ukiing'oa g inageuka ikawa ile ya "gari". Nikamwambia, hii angalau ina kazi. Akachukua kalamu, akaandika pembeni ya daftari: Baba mdogo amekubali herufi moja.