Maiti Kupozi Kwenye Tawi

Mnh! Sogezeni benchi, wazee. Ile picha imerudi tena kwenye simu za Kijenge, hapa Arusha: ndege mweupe kama chokaa, katulia juu ya tawi, nyuma yake Ziwa Natron. Chini wameandika kwamba ziwa la Tanzania linageuza viumbe kuwa mawe. Chalii mmoja wa bodaboda kaapa kabisa, ukitumbukiza kidole kinabaki huko huko.

Nasonya mimi. Natron si Marekani, ni mkoa huu huu. Unapita Mto wa Mbu, unaikuta Engaresero chini ya Ol Doinyo Lengai. Na tunaogopeshwa ziwa letu na simu!

Aliyeipiga picha ni Mwingereza, Nick Brandt, yule aliyeongoza video ya Earth Song ya Michael Jackson mwaka 1995, sehemu yake ikapigwa hapa hapa Tanzania. Akanogewa, akarudi na kamera yake. Kule ufukweni akaokota mizoga iliyokakamaa kwa magadi: flamingo, mbayuwayu, popo, hata furukombe. Bawa halikunjiki, lakini unaweza kumsimamisha marehemu tawini kama anapunga upepo, ukabofya. Picha zikatoka kitabuni mwaka 2013. Maiti anapozi, bana! Ukitazama unacheka, halafu unajisikia vibaya.

Sasa yeye hakusema maji yamewaua. Hayo ni ya wasambazaji. Magadi ya volkano yanahifadhi mzoga, basi. Wamisri wa kale walikaushia wafalme wao kwa magadi ya namna hiyo. Halafu inakadiriwa robo tatu ya flamingo wa aina ile ndogo wa dunia nzima wanazaliwa pale. Wodi ya wazazi, nyie mnaiita mochwari. Tss!

Mzee wa kahawa anasema kuchezea maiti ni laana. Haya baba, shikamoo, lakini Jumamosi si tulikuwa wote msibani Tengeru? MC na kipaza sauti: “Watoto wa marehemu!” Shada, kamera. “Wajukuu!” Shada, kamera. “Wakwe!” Mpiga picha kapanda juu ya kifusi cha kaburi: “Mama, sogea kushoto, jeneza lionekane.” Mjane wa watu akasogea! Kuna shangazi, nasikia, aliombwa alie tena, betri ilikuwa imekata.

Ila kuna tofauti inayonisumbua. Marehemu wetu anazungukwa na ukoo mzima mpaka fremu haitoshi. Ndege wa Brandt hana hata jirani wa kumwambia pole. Ndiyo maana inachoma, sio hayo mawe.

Na Brandt hakuishia hapo. Mwaka 2016 akatoa Inherit the Dust: alichukua picha za wanyama, akazikuza zikawa na kimo chao halisi, akazisimamisha Kenya kwenye majalala na machimbo, mahali walipokuwa wakizurura zamani. Tembo kasimama katikati ya takataka, watu wanapita na shughuli zao, hakuna anayegeuka.

Wenzetu Ulaya wanaitazama kwa huzuni. Mimi nilijiuliza tu, angemleta huyo tembo wa picha pale sokoni Kilombero. Aisee! Kabla ya saa nne pembe zote mbili zimetundikwa mitumba, na mgambo anauliza nani mwenye tembo, alipe ushuru.